Nina vitabu vitano vya ADHD na sijamaliza hata kimoja

Shangazi, shikamoo. Assalaam alaykum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mwalimu wa skuli ya msingi hapa Pemba, mama wa watoto watatu. Naandika usiku, watoto wamelala. Barua hii nimeianza mara tatu wiki hii, na leo nimejiapia sinyanyuki mpaka iishe.

Mwaka jana tulimpeleka mtoto wetu wa pili Unguja kwa daktari. Kila mwalimu aliyemfundisha alilalamika: hatulii, anaanza hesabu anaziacha njiani, madaftari yanapotea. Daktari aliuliza maswali mengi. Mume wangu ndiye aliyekuwa akijibu. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu kila lililoulizwa juu ya mtoto, jibu lake lilikuwa langu mimi. Mwisho tukaambiwa mtoto ana ADHD, ule upungufu wa umakini unaoandamana na kutotulia, na kwamba mara nyingi jambo hili hutembea ndani ya familia. Nikahisi daktari ananitazama mimi. Labda hakukusudia.

Toka siku hiyo nasoma. Au niseme ukweli, nakusanya vya kusoma. Nina vitabu vitano vya Kiingereza vya watu wazima wenye ADHD. Viwili nilinunua Unguja kwa pesa nilizoweka za kitambaa cha Idi, vitatu ameniletea wifi yangu anayeishi Maskati. Usiku wa kwanza wa kila kitabu nasoma mpaka naadhiniwa alfajiri. Napiga mistari kwa penseli, nalia, nasema huyu anayesemwa ni mimi. Siku ya tatu kitabu kimeshaingia chini ya kitanda. Juzi nilivitoa vyote nikavipanga juu ya mkeka nitazame penseli imeishia wapi. Ukurasa wa 22. Wa 41. Wa 17. Wa 38. Cha tano hakina mstari hata mmoja.

Na vitabu vyenyewe vinazungumza na mtu mwingine. Vinaniambia nifunge mlango wa ofisi yangu nipate utulivu. Nyumba yetu ina vyumba vitatu na watu tisa. Kimoja kinanishauri nimlipe mtu aje anipangie makabati.

Nikueleze jambo moja ulione mwenyewe. Msimu wa karafuu uliopita, mavyaa aliniachia karafuu zake uwanjani, za siku ya tatu, zimebaki kidogo tu kukauka. Aliniambia, "Mwanangu, wingu likifunga zitie ndani, mimi naenda mazikoni." Wingu likafunga, nikaliona kwa macho yangu. Nikaingia ndani kuchukua gunia. Gunia lilikuwa chini ya rundo la karatasi za mitihani, na karatasi ya juu ilikuwa haijasahihishwa. Nikakaa nikaisahihisha. Kisha ya pili. Mvua niliisikia juu ya bati, Shangazi, na wallahi ulipita muda kabla sijaelewa ina maana gani. Nilipotoka karafuu zinaelea. Mavyaa aliporudi alisimama akazitazama, kisha akainama akaanza kuziokota na kuzitia kwenye pakacha. Hakusema neno. Angenitukana ningepumua.

Mume wangu si mtu mbaya, lakini kuhusu vitabu amechoka. Aliniambia, "Unasoma vitabu vya kukufunza kumaliza mambo, na vitabu vyenyewe humalizi. Mimi naona ni uvivu tu, Mungu anisamehe." Nilipokuwa mdogo mama yangu naye alikuwa akininywesha kombe, akisema kuna pepo ananipumbaza. Baba alisema mvivu. Mwalimu wangu wa darasa la nne alisema mvivu. Sasa na mimi nafikiri huenda ndivyo, na haya ya ADHD nayashikilia yawe kisingizio.

Wifi anakuja kabla ya Ramadhani na anataka nimwambie alete kitabu gani. Pia anasema kule anamjua mwanamke anayetumia vidonge vya ADHD, anaweza kuniombea kidogo nijaribu. Nimwambie alete nini? Kipo kitabu kimoja kitakachonifaa kweli, hata cha Kiswahili? Au niviache vyote, nikubali nilivyo? Hospitali naogopa. Mwalimu akionekana kliniki ya akili, wazee wa wanafunzi watasema nini?

Mwalimu, Pemba

*

Marahaba mwanangu. Waalaykum salaam warahmatullah.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama kwenye zile karafuu. Nimekulia nyumba yenye uwanja wa kuanikia. Najua kazi iliyokuwa imelala pale juu ya jamvi: kupanda, kuchuma, kukesha mnachambua makonyo, siku tatu za jua. Kwa hiyo sitakwambia kwamba halikuwa jambo kubwa. Lilikuwa kubwa, na umelibeba peke yako.

Unaniuliza kitabu gani. Lakini naona vile vitabu vitano umevigeuza mahakimu. Ukimaliza kimoja utakuwa umeshinda kesi, na usipokimaliza basi baba, mwalimu wa darasa la nne na mume wako wote walisema kweli. Mzigo huo ni mzito kwa kitabu, na ni mzito zaidi kwako.

Hebu niulize. Kamusi iliyoko ofisini kwenu skuli, umeimaliza? Hakuna mwalimu aliyeimaliza, na hakuna anayeitwa mvivu kwa hilo. Mtu huiendea kwa neno linalomsumbua, akalipata, akaifunga. Vitabu vya kujisaidia kwa watu wenye ADHD vingi viko karibu na kamusi kuliko riwaya. Mwenye shida ya wakati huenda kwenye sura ya wakati. Tena waandishi wengine huwaambia wasomaji wao waziwazi waruke watakako, kwa sababu wanajua wanamwandikia nani.

Na kuna kitu hukuniambia. Umenitajia nambari za kurasa, 22, 41, 17, 38, lakini hukunitajia hata sentensi moja uliyoipigia mstari. Umesoma kurasa 118, mwanangu, kwa lugha ya kigeni, usiku, baada ya siku nzima ya darasa na jiko. Ndani yake mna mambo yaliyokufanya ulie. Yako wapi sasa? Pengine kabla ya kitabu cha sita, vile vinne vina daftari moja ndani yao ambalo bado halijaandikwa: mistari ile tu, kwa Kiswahili chako, na kwa mifano ya nyumba yenye watu tisa. Sikuamrishi. Nakuonyesha tu kwamba huenda hujaanzia sifuri.

Kuhusu ule usiku wa kwanza mpaka alfajiri, usiuone kama udanganyifu wa nafsi. Watu wenye hali hii akili zao hushikwa sana na kipya. Upya ukiisha, mshiko unalegea, hata kama jambo lenyewe ni zuri. Ndiyo maana naogopa kidogo kwamba kitabu cha sita kitakupa tena usiku mmoja mtamu, na siku ya tatu majonzi yale yale. Unaweza kuamua kwamba usiku huo wenyewe una thamani yake, kwa sababu mtu aliyeitwa mvivu miaka thelathini anahitaji kusikia habari nyingine mara nyingi. Lakini ukiagiza, agiza ukijua ni usiku huo unaoununua.

Sasa nikwambie ninachokijua juu ya vitabu hivi, maana umeuliza na una haki ya kujibiwa.

Vitabu vya watu wazima vilianza kushika kasi miaka ya 1990. Kabla ya hapo wengi walidhani hali hii ni ya watoto na mtu huikua akaiacha. Kilichojulikana sana ni Driven to Distraction cha mwaka 1994, cha madaktari wawili wa Marekani, Edward Hallowell na John Ratey, ambao wenyewe walisema wana hali hii. Ni kitabu cha visa vya watu. Kinafariji, na hatari yake iko hapo hapo: visa vikiwa vizuri, kila msomaji hujiona ndani yake, hata asiye na ADHD. Mwaka 1995 Sari Solden aliandika Women with Attention Deficit Disorder, juu ya wanawake hasa, na aibu inayowaandama pale nyumba inapotazamwa kama mtihani wa mwanamke. Nafikiri hicho kingezungumza nawe kwa karibu, ingawa nyumba anazozieleza si za Pemba. Russell Barkley, mwanasaikolojia aliyetafiti jambo hili kwa miongo mingi, alitoa Taking Charge of Adult ADHD mwaka 2010. Yeye hapambi maneno. Na yako madaftari ya mazoezi, kama la Steven Safren na wenzake, Mastering Your Adult ADHD, lililotokana na tiba ya mazungumzo iliyojaribiwa kwa utafiti. Ni kavu, limeandikwa lifanyiwe kazi pamoja na mtaalamu, na usiku wa kwanza halitakuliza. Lakini ni la kutenda.

Kutoka kwenye njia ile ya Safren nikupe kitu kimoja ukione. Unapima kwanza akili yako inadumu dakika ngapi kwenye kazi ya kuchosha kabla haijatoka, tuseme kumi. Basi kazi unaikata vipande vya dakika kumi. Unakaa na karatasi pembeni, na kila wazo linalokuvuta, nipige simu, nitie maji mtungini, hulifuati. Unaliandika, unarudi kwenye kazi. Kipande kikiisha ndipo unatazama karatasi na kuamua lipi kweli lilikuwa la haraka. Linahitaji karatasi, penseli na saa ya simu. Halihitaji ofisi wala mlango wa kufunga.

Barkley naye ana hoja ambayo nadhani inagusa uwanja wa mavyaa wako. Anasema tatizo la ADHD haliko katika kujua la kufanya, liko katika kulifanya lile unalolijua, pale pale linapotakiwa. Tazama siku ile. Wingu uliliona. Ulijua karafuu zitiwe ndani. Ulinyanyuka, ukaenda. Ungekuwa umesoma vitabu mia visingekuongezea ujuzi wowote. Kilichokosekana ni gunia kuwa uwanjani tangu asubuhi, kando ya jamvi, ili usipite mbele ya karatasi za mitihani. Kwa hiyo kitabu chochote utakachokichagua, mimi ningekiuliza swali hilo: kinanisaidia kutoa gunia nje, au kinaniongezea maelezo ya mvua? Na kile kinachokuahidi kupona kwa siku ishirini na moja, au kinachokutisha usimwone daktari, kwangu hicho kingebaki dukani.

Cha Kiswahili cha watu wazima, kitabu kizima cha kukuelekeza ukanunue, sina. Linaniuma kukwambia hivyo. Ila usomaji hauna lazima uwe wa macho na wa peke yako. Vitabu vingi vya Kiingereza vipo kwa sauti, na wapo wenye ADHD wanaosikia vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi, wakichambua mchele au wakifua. Na kuna hili la wenzetu wa zamani. Umewahi kuwatazama wanawake wanaosuka ukili barazani? Kila mmoja ana ukili wake, hakuna anayemfanyia mwenziwe, lakini wakiwa pamoja ukili unarefuka, na akiwa peke yake ndani unalala wiki. Watu wenye ADHD huko ughaibuni wamegundua jambo hilo hilo na wanalitumia: kukaa na mtu, kila mmoja na kazi yake. Ikiwa kuna mwalimu mwenzio unayemwamini, nusu saa baada ya kipindi, yeye anasahihisha, wewe unasoma kurasa tatu. Si lazima umwambie kitabu kinahusu nini. Ingawa siri nayo ina uchovu wake, na mji wetu mdogo una masikio. Hilo utalipima mwenyewe, unawajua wenzio kuliko mimi.

Sasa vidonge vya wifi. Hapa sitazunguka, mwanangu, kwa sababu naogopa. Dawa zinazotumika sana kwa ADHD, kama methylphenidate, ni za jamii ya vichangamshi na zimo katika mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili. Zinamfaa mtu aliyepimwa, kwa dozi aliyopangiwa, huku presha na moyo vikiangaliwa. Vidonge vya mtu mwingine ndani ya begi la wifi, bila cheti cha daktari kwa jina lako, vinaweza kumweka yeye matatani uwanja wa ndege na wewe matatani mwilini. Dawa inaweza siku moja kuwa sehemu ya njia yako. Njia hiyo inapita kwa daktari.

Na hapo tunafika pale unapopaogopa. Mimi sijui kama una ADHD, na vitabu havijui. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi una nguvu sana katika hali hii, kiasi cha asilimia 70 hadi 80, kwa hiyo ulichokihisi mbele ya daktari wa mtoto si wazo la ovyo. Lakini kusahau na kutawanyika huletwa pia na kukosa usingizi, upungufu wa damu, tezi la shingo, sonona. Mama wa watoto watatu anayekesha na vitabu mpaka alfajiri anaweza kuwa na mawili kati ya hayo pamoja na ADHD. Kipimo cha damu hufanywa bila mtu kutaja neno akili. Unaweza kuanzia hospitali ya kawaida iliyo karibu nawe na kwenda hatua kwa hatua. Au unaweza kurudi kwa daktari yule yule wa Unguja, kama mama aliyempeleka mtoto, na ukasema sentensi moja tu kabla ya kutoka. Hakuna mzazi wa mwanafunzi atakayeuliza kwa nini umefuatana na mwanao.

Ukienda, jua utaulizwa utoto wako. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, unataka dalili ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, tena katika mazingira zaidi ya mamoja, nyumbani na skuli kwa mfano. Na wewe unao ushahidi uliouona ni aibu: kombe la mama na kauli ya mwalimu wa darasa la nne. Mama hakukosea kuona. Aliona mtoto anayetekwa na kitu, akakiita kwa jina alilokuwa nalo, akatafuta dawa aliyoijua, kwa mapenzi. Mkalishe umuulize ulikuwaje. Dua yake na kipimo cha daktari havigombani, na Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kutafuta tiba. Kuna pia hojaji ya Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima, iitwayo ASRS, ambayo sehemu yake ya kuchuja ina maswali sita tu. Haitoi hukumu, inakwambia tu kama inafaa uchunguzwe zaidi. Kama unataka cha kusoma ambacho hakika utakimaliza, hicho ni maswali sita.

Unaogopa ADHD isiwe kisingizio. Lakini mtu anayetafuta kisingizio hutulia akishakipata. Wewe hukutulia, umenunua cha pili, ukapokea cha tatu, pesa za kitambaa chako cha Idi umezitoa. Mume wako anaona vitabu visivyoisha, hajaona alfajiri zile. Pengine hata hajui kwamba maswali ya daktari ulikuwa unayajibu moyoni. Ungeweza kumpa ukurasa mmoja, si kitabu, ule uliokuliza zaidi, na kumwomba akusomee kwa sauti. Anaweza kuguna. Anaweza pia kunyamaza katikati. Siwezi kukuahidi lipi, na kama unaona moyo wake bado umechoka, hakuna ubaya kusubiri.

Wifi bado anasubiri jibu, na jibu linaweza kuwa kitabu cha Solden, au daftari la mazoezi, au "mara hii usilete kitu, njoo tukae."

Umesema mavyaa hakusema neno, na wewe ukalisoma neno lile lisilosemwa kwa mwaka mzima. Lakini aliinama akaanza kuokota, na hukuniambia kama na wewe uliinama ukaokota naye, wala mlizungumza nini usiku ule. Ukiniandikia tena, hata barua ikiwa nusu, nianzie hapo.

Shangazi yako